Mama Aliulizwa Mara Moja

Jumapili, 6 Aprili
Mwalimu wa Kiingereza ametuagiza tuandike shajara ya likizo. Ile ya Kiingereza nimeshaianza: nimefua, nimesoma, mvua imenyesha. Hii nyingine ni ya Kiswahili na haitasahihishwa na mtu. Nitaiweka chini ya godoro upande wa ukutani, maana upande wa pili panavuja.

Mimi ni Warda, niko kidato cha tatu, na watu wengi hapa Munje hawaijui sauti yangu. Jana nilipoomba chumvi dukani mwenye duka akasema, "Kumbe mtoto wa Mwanatumu si bubu!" Maneno ninayotaka kuyasema hunijia nikishafika nyumbani.

Mama ni mkurugenzi. Imeandikwa kwenye kibao cha Kituo cha Afueni, pale njiani, chini ya jina lake. Kituo chenyewe ni chumba kimoja cha mabati, mikeka, na watoto ambao miguu yao haiwasikii. Mama huwanyoosha viungo, huwalisha, huwafundisha mama zao namna ya kuwabeba. Alijifunza hospitalini alipokuwa akimpeleka mdogo wangu Suleiman. Suleiman alipofariki, mikono ya mama ilibaki na ujuzi na haina mtoto. Akaenda kwa jirani aliyemficha mtoto wake chumba cha ndani, akasema, "Nipe nimkande." Kituo kilianzia hapo.

Ukurugenzi huo hauna mshahara. Nyumba yetu inalishwa na makuti. Mama hushona makuti alfajiri na jioni, lori hupita kuyachukua kwenda kuezeka hoteli za Diani. Baba yuko Jego kwa mke mdogo. Bibi Hafsa, mama yake mama, tunaishi naye. Basi, ndiyo sisi.

Jumatano, 9 Aprili
Mvua. Nimehamisha sufuria ya kukingia mara mbili.

Jumamosi, 12 Aprili
Leo nimecheka mpaka nikatoka nje. Bi Mishi alikuja wakati wa chakula. Bi Mishi ni rafiki wa mama tangu wako chuoni wakisoma juzuu za Kurani, na sasa ndiye mweka hazina wa kamati ya kituo.

"Karibu wali," mama akasema.

"Ah, nimeshiba, Mwanatumu. Nimetoka kula sasa hivi."

"Kidogo tu, Mishi."

"Wallahi hapa pamejaa." Akajigusa kifuani, kisha akaweka viganja wazi mapajani.

"Basi uonje, nyumba isije ikakosa baraka."

"Haya. Kwa ajili yako tu."

Akala sahani mbili na ukoko akauomba. Alipoondoka nikamwigiza, "Wallahi hapa pamejaa," na Bibi akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Mama hakucheka sana. Akasema, "Anayekubali mara ya kwanza huitwa mlafi, na mwenyeji asiyerudia kuuliza huitwa bahili. Ni mara ya tatu ndipo wote wawili wanapokuwa watu."

Bibi akasema hata posa ya babu aliikataa mara mbili. "Ya tatu nikanyamaza. Kunyamaza ndiko kukubali. Angechoka ya pili, nyinyi nyote msingekuwapo."

Jumatano, 16 Aprili
Bi Judy amekuja kutoka Nairobi kwa niaba ya wafadhili. Amefuatana na Mwau, kijana anayemfanyia hesabu. Mwau ni Mkamba wa huku huku. Wazazi wake walipewa shamba kwenye skimu ya makazi, lakini shule amesomea bara na Kiswahili chake kinakimbia kama kinafukuzwa.

Walikaa kwenye benchi wakamtazama mama akifanya kazi. Luqman alikuwa hajaletwa mkekani bado. Luqman ana miaka saba, hasemi, miguu yake imejifunga kama mkasi. Lakini anavijua viatu vya mama. Ndara za mama zimelegea, zinapiga kisigino, na Luqman akizisikia tu hucheka kabla hajamwona. Bi Judy alipokisikia kicheko kile akavua miwani akaifuta.

Akamwuliza mama, "Na wewe unalipwa nini hapa?"

Mama akatazama chini. "Mungu hulipa."

"Najua. Lakini sisi pia tunataka kulipa." Akaeleza kwamba msaada mpya utakuwa wa miaka mitatu na ndani yake mna fungu la mshahara wa mkurugenzi. "Tumechoka kuona vituo vikifa kwa sababu aliyevibeba amechoka. Kamati yenu ikikubali, na wewe ukikubali, basi imekwisha."

Jioni mama alishona makuti akiimba chini chini. Nikamwuliza atafanya nini akilipwa. Akasema, "Nitalala mpaka jua litoke." Baadaye akaongeza, kama anayeona haya, "Na paa. Na wewe usirudishwe nyumbani kwa karo tena."

Nilikuwa sijawahi kumsikia mama akitaka kitu.

Jumatatu, 21 Aprili
Bombani kumeshajaa maneno. Nilikuwa nimeinama kwenye ndoo yangu, na mimi nikiinama watu husahau kwamba niko.

"Ati Mwanatumu atalipwa."

"Kwa migongo ya watoto wa watu?"

"Si alisema ni kwa ajili ya Mungu? Mungu amempunguzia?"

Wakacheka. Mmoja wao mtoto wake hubebwa na mama kila Jumanne kwenda hospitali. Ninaandika hapa ninalotaka kusema: katika Kurani, pale zaka inapogawanywa, waliotajwa wa kupewa ni mafungu manane, na mojawapo ni wale wanaoitumikia zaka yenyewe. Mungu aliwataja wafanyakazi. Nimeisoma chuoni aya hiyo, naijua kwa Kiarabu na tafsiri yake. Lakini pale bombani nilijaza ndoo nikaondoka.

Na nikiri jingine, maana hapa hapasahihishwi: nikiwa njiani nilikuwa nawaza viatu vipya vya shule. Nikajiona kama mimi ndiye ninayekula migongo.

Alhamisi, 24 Aprili
Mvua mchana kutwa. Lori la makuti halikuja. Hoteli nyingi zimefunga mpaka wageni warudi.

Jumamosi, 26 Aprili
Kikao kimefanyika. Nitaandika kama kilivyokuwa, nisije nikakipunguza wala kukizidisha.

Tulikaa kituoni, mvua ikipiga mabati hata watu wakawa wanapaza sauti kama wanagombana. Mimi nilikuwa na birika la chai. Mzee Iddi, mwenyekiti, alifungua kwa Fatiha. Bi Judy akaeleza habari ya mshahara. Mwau aliweka kompyuta mapajani, akaandika yote.

Baba mmoja akainua mkono. "Samahani, Bi Judy. Huyu Mwanatumu ni mama yetu sote. Mama hulipwa?"

Watu wakacheka, kicheko kizuri, cha mapenzi. Naamini kilikuwa cha mapenzi.

Mzee Iddi akasema, "Mimi sipingi, jamani. Ninaogopea thawabu zake. Miaka yote hii amejiwekea akiba ya akhera. Thawabu ukiichanganya na mshahara, ni maziwa uliyoyatia ndimu."

"Kweli, mzee."

"Lakini huyu mama anakula nini?" Bi Judy akauliza.

"Riziki ni ya Mungu, mwanangu."

Aya yangu ikanipanda mpaka kooni. Niliihisi kama mwiba wa samaki. Nilikuwa nimesimama katikati yao, kila mtu ananiona, birika mkononi, na kilichotoka ni chai tu. Ilifurika ikamwagikia Mwau kwenye suruali. "Usijali, sistee, iko sawa," akasema, akaendelea kuandika.

Kisha Bi Judy akamgeukia mama. "Bi Mwanatumu, wewe mwenyewe wasemaje? Unataka kazi hii iwe ya kulipwa?"

Mvua ilikuwa imepungua. Mama alivuta mtandio wake mbele. Akasema, "Mimi? Mimi sina haja, dadangu. Thawabu zanitosha."

Akaviweka viganja vyake wazi mapajani, akangoja.

Mimi niliviona vile viganja. Ni vile vile vya Bi Mishi mbele ya sahani ya wali. Hapa Munje hata mtoto anajua ni nini: niulize tena.

Bi Judy akasema, "Sawa. Ninaliheshimu sana hilo," na sauti yake ilikuwa na machozi. Hakujua. Nani angemwambia?

Nikamtazama Bi Mishi. Bi Mishi alikuwa anatazama ndani ya kikombe chake. Nikamtazama Mzee Iddi, ambaye mwaka jana aliombwa mara tatu ndipo akakubali uenyekiti ambao alishaushonea kanzu. Mzee Iddi akasimama akasema, "Mashallah! Mwamwona mama huyu?" Makofi yakaanza. Mvua nayo ikarudi juu ya mabati, ikawa siwezi kutofautisha.

Viganja vya mama vilibaki pale kwa muda. Halafu akavikunja.

Jioni nikamwuliza, "Mama, kwa nini umekataa?"

"Sikukataa, Warda. Nilikuwa naanza kukubali."

Akapasua kuti kwa jino. Nilidhani amemaliza. Kisha akasema, "Bi Judy ni mgeni, hana kosa. Lakini wale wengine wote wameshakula kwangu."

Jumatatu, 28 Aprili
Shule imefunguliwa. Mwalimu ameiwekea alama ya vyema shajara yangu ya Kiingereza. Ameandika pembeni kwamba maisha yangu ni matulivu.

Jumamosi, 3 Mei
Bi Mishi amekuja. Tangu kikao alikuwa hajapita. Aliingia na maneno mengi ya mvua na bei ya unga, akakaa pale pale anapokaa siku zote.

"Karibu wali," mama akasema.

"Ah, nimeshiba, Mwanatumu. Nimetoka kula."

"Alhamdulillahi," mama akasema. Akachukua kawa, kile kifuniko chetu cha ukindu, akaifunika sahani.

Bibi akaacha kutafuna. Mimi nilitamani ardhi inifunike na mimi. Bi Mishi aliitazama ile kawa kama mtu aliyefungiwa mlango wa nyumba aliyozaliwa.

"Mwanatumu. Kwa wali?"

"Nimekuuliza, umesema umeshiba. Ninaliheshimu sana hilo."

Bi Mishi akaanza kulia, kwanza kimya kimya, kisha kwa sauti. "Na mimi je? Ufunguo wa sanduku la kituo nimeulalia miaka yote hii. Mume wangu aliumwa sanduku liko chini ya kitanda chake na sikuligusa. Hata pesa ya sabuni sijaonja. Leo nikusemee wewe upate, mimi nibaki nani? Mjinga wa thawabu peke yangu?"

"Ungesema, Mishi."

"Nijisemee mwenyewe?"

"Ungeniambia mimi. Ningesimama mbele ya watu nikuulize mara tatu, na ya nne."

"Nami nilikuwa nangoja unisemee wewe," Bi Mishi akasema. "Miaka yote."

Siku zote nilidhani Bi Mishi ni mtu wa kuchekesha tu. Alipoondoka mama akaifunua sahani, lakini hakuna aliyeutaka ule wali.

Jumanne, 6 Mei
Bibi anakohoa. Paa limefunguka pahala papya, juu ya jiko.

Jumamosi, 10 Mei
Nimefanya jambo. Mama alipokuwa kituoni nilichukua simu yake nikamwandikia Bi Judy kwa Kiingereza: mama yangu angependa kulipwa. Nilishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi. Kwa Kiingereza sentensi ile haina haya hata chembe, imekaa kama mfano wa kitabuni. Kabla ya hapo nilijaribu kuiandika kwa Kiswahili na vidole vikanigomea. Kwa Kiswahili sentensi ile ina mama ndani yake, ameketi, kila mtu anamtazama.

Jumatatu, 12 Mei
Jibu lilikuja mama akiwa na simu. Bi Judy ameandika kwa upole sana. Anasema kumbukumbu za kikao zinaonyesha mkurugenzi amekataa, bajeti imeshakwenda, na fungu lile litangoja mpaka apatikane mkurugenzi wa kulipwa. Kama mama amebadili nia, yeye mwenyewe aombe kwa maandishi na kamati ithibitishe.

Mama hakunipiga. Angenipiga ingekuwa afadhali. Akasema, "Umenivua mtandio mbele ya mgeni."

Nikasema, "Basi omba, mama. Mwenyewe amesema uombe."

"Niombe kwa nani? Kwa Mzee Iddi? Niende nimwambie sikushiba?"

Baada ya Isha aliniita nimsuke. Kichwa chake kikiwa magotini mwangu akauliza, "Ile sentensi yako ya Kiingereza, inasemwaje?" Nikamwambia. Akairudia mpaka ikakaa. Kisha akacheka kidogo, akasema, "Haina chumvi."

Jumatatu, 19 Mei
Nimerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Nimewakuta mama na Bibi wanashona makuti ambayo hayana lori, rundo limefika dirishani. Sisi wenyewe hatuwezi kuyaezeka, ndiyo akiba yetu yote, hoteli zikifunguliwa yatatakiwa.

Hakuna aliyeniuliza kwa nini nimerudi mapema.

Jumamosi, 24 Mei
Mama amekwenda Ukunda na hakusema anakwenda kufanya nini. Amerudi na matope mpaka magotini na karatasi ndani ya mfuko wa plastiki. Kuna wakala anayepeleka wanawake Saudia. Alimwuliza ana ujuzi gani, mama akasema anajua kulea mtoto asiyetembea. Wakala akasimama. Kuna familia Dammam wana mvulana wa namna hiyo na wamekuwa wakitafuta.

Bibi akasema, "Utamwacha wa Munje ukamkande wa Dammam?"

"Kazi ni ile ile, mama. Ila kule wamesema mshahara kabla hawajasema jina la mtoto."

Bibi akaongea Kidigo kwa muda mrefu, kisha akanyamaza. Na kunyamaza kwa Bibi tunakujua.

Mimi nilitoka nje nikasimama kwenye mvua. Kuna siku nilikuwa naomba Mungu mama aachane na kituo awe mama yangu tu. Amekiacha. Sikuomba hivi.

Ijumaa, 6 Juni
Idi ya kuchinja. Kamati ilikutana jana tena kabla ya sikukuu, na Bibi ameniletea habari zote. Mzee Iddi alimwita Mwau, maana Bi Judy amempendekeza awe mkurugenzi.

"Utataka mshahara, kijana?"

"Eeh, mzee. Niko na kodi, niko na mtoto shule."

"Sawasawa kabisa," Mzee Iddi akasema. Hakuna aliyetaja maziwa. Hakuna aliyetaja ndimu.

Bibi anasema ni kwa sababu Mwau si wetu. "Mgeni usipomlipa ataondoka. Wa kwenu ataenda wapi?" Nikatazama begi jipya la mama nyuma ya mlango, na Bibi naye akalitazama.

Jumatano, 18 Juni
Mama amewaonyesha kina mama wa kituo jinsi ya kunyoosha. Walitazama, wengine walilia, wachache walishika. Mwau alikaa pembeni akichora michoro kwenye simu. Namchukia. Anatafuna peremende.

Jumamosi, 21 Juni
Amekwenda.

Asubuhi kamati ilikuja nyumbani. Walileta kanga na cheti cha shukrani kilichotiwa kioo, jina la mama kwa herufi za dhahabu. Mama akasema, "Ah, msingejisumbua." Mzee Iddi akasema, "Chukua, Mwanatumu." Akasema, "Hapana, si haki yangu peke yangu." Wakasema, "Chukua, wallahi, utatuvunja moyo." Mara ya tatu akapokea.

Cheti walijua kumsihi.

Bi Mishi alikuwa na sahani ya wali ameifunika kwa kawa, akampa mama mkononi. "Wa njiani. Sikuulizi." Mama akamshika shingo, wakasimama vile hata gari likapiga honi.

Wakala aliwapa wanawake wote wanaosafiri viatu vya kufunika. Ndara zake mama ameziacha mlangoni, moja imelalia nyingine. Kabla ya kuondoka alipita kituoni kumuaga Luqman, lakini alikuwa na vile viatu vipya. Luqman hakucheka. Hakujua ni nani mpaka alipomwona.

Jumapili, 22 Juni
Jua. Siku nzima jua, kama dhihaka.

Ijumaa, 27 Juni
Mama amepiga simu. Sauti yake ilikuwa karibu kuliko alipokuwa chumba cha pili.

"Nyumba ni baridi kama friji," akasema. "Mtoto ni mzuri. Mguu wake wa kushoto ni kama wa Luqman."

"Wanakupa chakula?"

"Siku ya kwanza waliniletea sahani. Nikasema nimeshiba, ahsante. Wakaiondoa."

"Ukalala njaa?"

"Nikalala. Siku ya pili walipouliza nikasema nataka." Nilimsikia akivuta pumzi. "Ni neno gumu, Warda. Lakini ukishalisema mara moja linakuwa kama neno jingine lolote."

Bibi aliomba simu, akaishika tu sikioni mpaka ikakatika.

Jumanne, 1 Julai
Nimepita kituoni nikitoka shule, ambako wamenipokea tena kwa ahadi ya mshahara wa mama, kuchukua sufuria yetu. Nikamkuta Mwau amepiga magoti mkekani, jasho linamtoka, Luqman analia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia. Michoro imebandikwa ukutani. Mwau hakunionea haya.

"Sistee, mama yako alikuwa anamshika wapi? Hapa? Nimejaribu zote."

Nikachukua sufuria. Alinifuata mpaka mlangoni.

"Ngoja kidogo. Mimi ndiye niliandika ile siku. Niliandika alikataa. Mtu akisema hapana, mimi naandika hapana, ndivyo kazi ilinifundisha. Jana ndiyo mama mmoja amenieleza hii mambo ya mara tatu." Akajifuta uso kwa shati. "Kama ningejua ningeuliza hata mara kumi. Walahi tena."

Nilitaka kuendelea kumchukia, ingekuwa rahisi. Lakini yeye ndiye mtu pekee aliyenieleza alichokifanya siku ile, na hakuwa na wajibu.

Jumamosi, 5 Julai
Mzee Iddi na Bi Mishi wamekuja. Bibi aliwakaribisha chai, nami nikaimimina, safari hii haikumwagika.

Mzee Iddi akaanza kwa mbali, kama desturi: mvua imetuaga salama, masomo yangu vipi, mama anapiga simu? Kisha akafika. Luqman hanyooki tena. Mwau ana moyo lakini hana mikono. Watu wanasema mtoto wa Mwanatumu amekua akiitazama kazi ile, yamo mikononi mwake.

"Tunakuomba, mwanangu, Jumamosi na Jumapili. Na wakati wa likizo. Ni kazi ya thawabu kubwa."

Nilikuwa nimesimama na birika. Bibi akanitazama. Nilijua ninavyotakiwa kujibu: ah, mimi mtoto mdogo, sitaweza. Wangeniuliza tena. Kisha tena. Ningekubali, na kazi ingekuwa ya thawabu, na mimi ningeanza kuzeeka.

"Nitakuja," nikasema. "Na nataka nilipwe."

Nilisema kwa Kiswahili. Ilitoka ndogo, lakini ilitoka. Uso uliniwaka mpaka masikioni.

Mzee Iddi akaweka kikombe chini. "Mwanangu, thawabu—"

"Nyamaza, Mzee Iddi," Bi Mishi akasema. Sijawahi kumsikia mtu akimwambia hivyo. "Mtoto amesema. Mimi ndiye mwenye ufunguo, na nasema atalipwa. Nikimaliza lake nitasema na langu."

Mzee akamtazama Bibi. Bibi akanyamaza.

Walipokwenda niliosha vikombe. Nilidhani nitafurahi. Nilikaa juu ya rundo la makuti nikalia, kwa sababu ilikuwa imechukua muda mfupi mno. Neno moja, chai haijapoa. Mama angekuwa hapa jikoni.

Jumapili, 6 Julai
Asubuhi nilivaa ndara za mama. Sikukusudia lolote, zangu zilikuwa zimelowa. Njia nzima zilinipiga visigino.

Nilipoingia kituoni nikakisikia kicheko. Luqman alikuwa amelalia ubavu, amegeukia ukuta, na alikuwa anacheka. Alicheka kile kicheko chote, mabega yanatikisika, kabla hajageuza shingo.

Kisha akaniona.

Sijui nitaliandikaje lile. Hakulia. Uso wake ulifungwa polepole, akaurudisha ukutani. Mwau alikuwa mlangoni, akatoka nje.

Nikavua ndara, nikaziweka mbali. Nikaketi mkekani kama mama alivyokuwa akiketi, nikapasha viganja kwa kuvisugua.

"Luqman," nikasema. "Ni mimi Warda. Nipe mguu."

Akauvuta mguu kifuani.

Nikangoja. Nje wanawake walikuwa wanapepeta mchele, wakizungumza.

"Luqman, nipe mguu, baba."

Hakugeuka. Lakini alikuwa anasikiliza, sikio lake lilikuwa limesimama. Nikaviweka viganja vyangu wazi mapajani. Nilikuwa na asubuhi nzima, na sikuwa na haraka ya kuheshimu chochote.

"Tafadhali," nikasema mara ya tatu.

Akanipa.